Mizani Mbili za Kijana Wetu

Katika soko la Mpondwe, hapo Bwera palipo mpaka wa Uganda na Kongo, mchuuzi wa kahawa huuliza kwanza gunia limepimwa kwa mizani ya nani, ndipo aulize bei. Gunia lililotoka mlimani likiwa na kilo 60 laweza kufika sokoni na kilo 58, na njiani hakuna aliyelifungua. Shirika la viwango la taifa, UNBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, hukagua mizani za biashara na kuzitia muhuri. Nasi wanawake wa sokoni twaujua muhuri huo kama tuujuavyo uso wa jirani.

Basi, msomaji mpenzi, usistaajabu kwamba mimi, mke wa askari polisi na mnunuzi wa kahawa, niliitwa kuamua ugomvi wa baiskeli.

Kijana wetu wa pili yuko kazini Kasese, na siku za mapumziko huja nyumbani kwa baiskeli ya mashindano, mwendo wa zaidi ya kilomita 50, akipita katika hifadhi ya Queen Elizabeth ambako ndovu hana habari na kengele ya mtu. Kwa sababu ya ndovu hao, na malori ya mpakani, na mvua za Rwenzori, mjomba wake aliyeko Ujerumani alimletea mashine ya kufanyia mazoezi ndani ya nyumba. Gurudumu la nyuma hulalia rola, kijana hukanyaga hata sakafu ikalowa jasho, wala haendi popote. Baiskeli yenyewe ina pedali zenye kipimo cha nguvu ndani yake.

Klabu moja ya mashindano ilimtaka apeleke hesabu ya dakika 20, yaani ni wati ngapi aweza kuzitoa muda huo pasipo kupumzika. Kwa hesabu hiyo ndiyo wangeamua kumpa nafasi kambini au kumwacha. Mashine ikasema 268. Pedali zikasema 251. Ilikuwa saa ile ile na miguu ile ile.

"Peleka ile kubwa," akasema baba yake. "Hakuna askari anayejipunguzia cheo mwenyewe."

Kijana akanyamaza. Alijua kwamba kambini angepimwa upya mbele ya wenzake, kwa chombo kisicho chake.

Wati ni kipimo cha kazi inayofanywa kila sekunde, nacho kilipewa jina la James Watt, yule Mskoti wa injini za mvuke. Nguvu ya farasi mmoja ni kama wati 746; kwa hiyo kijana wetu, kwa dakika hizo 20, alikuwa thuluthi moja ya farasi. Vipimo vya kufungwa kwenye baiskeli vilianza kujulikana baada ya mhandisi Mjerumani, Ulrich Schoberer, kuanzisha kampuni yake ya SRM mwaka 1986. Ndani yake mna vihisio vidogo vinavyotambua jinsi chuma kinavyopinda kwa kukanyagwa, hata kama jicho halioni kupinda huko. Chuma nacho hubadilika kwa joto na baridi, na ndiyo maana kipimo hurudishwa kwenye sifuri kabla ya safari, kama vile muuzaji mwaminifu anavyoonyesha mizani tupu kabla ya kuweka sukari.

Mashine ya rola haipimi mguu. Yenyewe hutazama mwendo wa rola, ikakisia nguvu kwa kadiri ya uzito inaoudhani. Ikirekebishwa ingali baridi, hujiona ni nzito. Ikishapata moto hulegea, gurudumu likakimbia kwa wepesi, nayo ikamsifu mpandaji kwa kazi asiyoifanya. Upepo wa tairi, na jinsi tairi linavyobanwa kwenye rola, nao hugeuza hesabu. Tena kuna mnyororo, ambao hula kiasi cha asilimia 2 hadi 4 ya nguvu kati ya pedali na gurudumu la nyuma. Kwa hiyo pedali zilipaswa kusoma zaidi kuliko mashine. Kwetu ilikuwa kinyume, na hapo ndipo mimi niliposhtuka. Gunia haliongezeki kilo njiani.

Isidhaniwe kuwa ni mambo ya Bwera peke yake. Mwaka 2020, ulimwengu ulipofungiwa ndani kwa korona, shirikisho la baiskeli duniani, UCI, liliendesha mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya kupanda baiskeli nyumbani. Katika mashindano ya namna hiyo washindani hutakiwa kunukuu nguvu zao kwa vyombo viwili kwa wakati mmoja, ili kimoja kiwe shahidi wa kingine.

Nikamwambia, "Mwanangu, anza upya." Alijaza tairi upepo, akalibana sawasawa, akasafisha mnyororo, akakanyaga polepole kwa robo saa hadi mashine ikapata moto, ndipo akairekebisha na kuzirudisha pedali kwenye sifuri. Baba yake alishika saa. Mimi nilishika daftari langu la kahawa. Dakika 20 zilipokwisha, pedali zilisoma 254 na mashine 247. Tofauti ilikuwa wati 7, chini kidogo ya asilimia 3, nao ulikuwa ushuru wa mnyororo.

Baba yake bado alikuwa na shaka, naye si mtu wa kushindwa kwa maneno. Nikamwonyesha hesabu ya mlima, isiyohitaji chombo cha Ulaya. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80, wakapanda kimo cha meta 100 kwa dakika 6, kuinua uzito huo peke yake ni wati 218. Upepo na msuguano wa tairi huongezwa juu yake. Akaizungusha karatasi mara mbili, akaomba chai.

Kijana alipeleka namba zote mbili, kila moja na jina la chombo chake. Klabu imejibu kwamba aende kambini, na afike na pedali zake mwenyewe. Baba yake ndiye aliyezifunga katika kitambaa.