Unakula Nini Siku Hizi?

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa nikiwauliza watu wanakula nini. Mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi KCMC, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini pale Moshi, na miaka yangu mingi ilipita katika chumba cha endoskopia na katika utafiti wa saratani ya umio. Umio ni njia ya chakula inayotoka kooni hadi tumboni, urefu wake kama sentimita 25 kwa mtu mzima. Uchagani watu husema tu kansa ya koo.

Majibu ya swali hilo nimeyasikia mpaka nikawa najua kinachofuata. Mgonjwa huanza kuacha nyama. Baadaye anaacha ugali, hasa kiporo kilichokauka. Kisha wali, kwa sababu punje zinakwama. Anahamia kwenye ndizi za kupondwa, halafu mtori, halafu uji, na uji wenyewe unazidi kuwa mwepesi kila wiki. Akifika kwetu amebaki na maziwa na maji. Wengine wamefika hata mate yao hayashuki, wameshika kikopo cha kutemea chini ya khanga au ndani ya koti.

Haya yote huchukua miezi, na nyumbani hakuna anayeshtuka. Umio hutanuka, kwa hiyo uvimbe unaweza kuziba sehemu kubwa ya njia kabla mtu hajahisi chochote. Akianza kuhisi, anajirekebisha. Anatafuna zaidi, anashushia kwa maji, anasema siku hizi ugali haumpendezi. Na familia inamsaidia kujirekebisha. Mtori kwetu ni chakula cha mzazi na mgonjwa, chakula cha kumwonyesha mtu kwamba anapendwa. Nimewaona mabinti waliowapikia baba zao mtori kwa nusu mwaka, kwa moyo wote, na ugonjwa ukakua nyuma ya huo mtori. Siwalaumu hata kidogo. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mtu mzima anayeacha vyakula vigumu kimoja kimoja anapaswa kupimwa.

Nilianza uuguzi mwishoni mwa miaka ya 1980. KCMC ilikuwa imefunguliwa mwaka 1971, na tayari ilikuwa mahali ambapo watu wa Kilimanjaro, Arusha na Tanga walipelekwa pale hospitali za wilaya ziliposhindwa. Baadaye kikaja chuo kikuu cha tiba papo hapo hospitalini, na kuanzia hapo kila raundi ya asubuhi ikawa na wanafunzi, daftari mkononi. Hospitali yenye chuo ina tabia yake. Mgonjwa huulizwa jambo lilelile na watu watatu, tena wanne. Kuna wanaochoka nayo, na wana haki. Lakini ndipo nilipojifunza kwamba ugonjwa unaoonekana kila siku unaweza kuwa swali ambalo bado halijajibiwa.

Swali letu lilikuwa hili: kwa nini hapa? Saratani ya umio ina ukanda wake barani Afrika, unaoshuka upande wa mashariki kutoka Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Ukienda Afrika Magharibi, ugonjwa huu ni nadra. Ulaya na Marekani, aina tunayoiona sisi huwapata zaidi wanaume wavutaji sigara na wanywaji wa pombe kali. Kwetu walikuja wanaume hao, ndiyo, lakini walikuja pia akina mama wa kanisani ambao hawajawahi kugusa sigara, na vijana ambao kwa umri wao hukutegemea kabisa kuwaona katika chumba kile.

Nieleze chumba chenyewe, maana watu wengi hukiogopa kwa kutokukijua. Mgonjwa anakuja bila kula tangu usiku. Tunampulizia dawa ya ganzi kooni, chungu, na koo linakuwa zito kama si lake. Analala ubavu wa kushoto, kidevu kimeelekea kifuani, na kati ya meno anawekewa kipande cha plastiki chenye tundu ili asiung'ate mpira. Kazi yangu ilikuwa kukaa upande wa kichwa. Mkono mmoja unashika kidevu, mwingine uko begani, mdomo wangu karibu na sikio lake: vuta pumzi kwa pua, mate yaache yatoke, usimeze, tunakaribia. Daktari anaushusha mpira wenye kamera, na kwenye skrini inaonekana njia ya waridi, nyororo, yenye kung'aa. Kisha, kama ugonjwa upo, unafika mahali njia inapobadilika: nyama iliyoinuka, nyeupe na nyekundu, inayovuja damu ukiigusa. Koleo dogo kuliko punje ya mchele hupitishwa ndani ya mpira na kung'oa vinyama kadhaa. Navipokea, naviweka kwenye kichupa cha formalini, naandika jina, namba na tarehe, kisha nasoma tena kwa sauti nilichoandika. Muda wote huo ni dakika chache. Mgonjwa huona ni saa nzima.

Kinyama huenda patholojia, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa utando mwembamba, kinatiwa rangi na kusomwa kwa darubini. Majibu huchukua siku, wakati mwingine wiki. Sisi tulioko chumbani huwa tumeshajua kwa macho, lakini matibabu hayaanzi kwa macho ya muuguzi. Katika kusubiri huko wengine hurudi nyumbani wasirudi tena hospitali, na hili liliniuma kuliko jambo lingine lolote katika kazi ile. Nilizoea kuandika namba za simu za watu wawili kwa kila mgonjwa, mtoto wake na jirani, na jioni nikawa napiga.

Utafiti mkubwa ulipokuja, niliombwa niwe miongoni mwa wauguzi wa kuwahoji wagonjwa. Uliitwa ESCCAPE, ukifanywa na KCMC pamoja na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon, Ufaransa, na wenzetu wa Eldoret nchini Kenya na wa Malawi walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo kwao. Njia yake ni rahisi kuieleza. Unamhoji mwenye saratani ya umio, na unamhoji mtu wa umri na jinsia inayolingana naye asiye na ugonjwa huo, maswali yaleyale, neno kwa neno. Halafu unatazama wanapotofautiana.

Dodoso lilikuwa refu. Ulikulia wapi, maji ya kunywa mliyatoa wapi. Meno yako mangapi yameng'oka, unapiga mswaki kwa nini, mti au brashi. Unapikia kuni au mkaa, jiko liko ndani ya nyumba unayolala au nje. Mbege unakunywa, gongo je, sigara, ugoro. Na chai: vikombe vingapi, ya rangi au ya maziwa, unainywa ikiwa ya moto kiasi gani.

Hapo kwenye chai nitakaa kidogo. Ukimuuliza Mchaga kama chai yake ni ya moto, atakwambia ni ya kawaida. Kila mtu hunywa ya kawaida. Kwa hiyo wenzetu wa utafiti walikwenda kupima. Kipimajoto kwenye kikombe, mwenyeji anaambiwa anywe kama anavyokunywa siku zote, na anapopiga funda la kwanza unasoma namba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: kwa wastani watu wa Kilimanjaro walianza kunywa chai ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 70. Waliokunywa ya maziwa waliinywa ikiwa ya moto zaidi, kwa sababu chai ya maziwa hupoa polepole kuliko ya rangi. Mwaka uliofuata, 2016, lile shirika la Lyon liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinasababisha saratani, likitegemea zaidi utafiti wa China, Iran, Uturuki na Amerika Kusini. Si majani ya chai yenye kosa. Ni moto, unaochubua ukuta wa umio kila siku, asubuhi na jioni, miaka thelathini.

Nisieleweke vibaya. Chai peke yake haielezi ukanda mzima. Pombe ina sehemu yake, tumbaku ina yake, na utafiti wetu na wa wenzetu umeonyesha hata kinywa kisichotunzwa, chenye meno yaliyooza au yaliyong'oka, kinaenda pamoja na ugonjwa huu. Lakini kati ya yote hayo, kusubiri kikombe kipoe hakuhitaji fedha wala dawa. Mtu anaweza kuanza leo jioni.

Mgonjwa aliyenibadilisha alikuwa babu mmoja wa Rombo, mkulima wa kahawa. Alijibu dodoso lote kwa uvumilivu, akisimama kila mara kutema mate kwenye kikopo. Tulipomaliza nikamshukuru na kuanza kupanga karatasi.

"Mwanangu," akasema, "umeniuliza mpaka maji niliyokunywa nikiwa mtoto. Na mimi swali langu nitauliza saa ngapi?"

"Uliza, babu."

"Nitakula tena?"

Mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni akatoka nje. Nilikaa tena. Nilimweleza ukweli kama ulivyokuwa kwenye faili lake: uvimbe ulikuwa umeshaenea, upasuaji haungewezekana, lakini kulikuwa na stenti, kibomba cha waya laini kinachoingizwa kikiwa kimejikunja na kutanuka mahali palipobana, chakula kikapita. Akauliza kitagharimu kiasi gani. Nikampeleka mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii. Aliwekewa, na baada ya siku mbili alikunywa uji mzito, kisha mtori, mbele ya mwanawe. Aliishi miezi kadhaa, na katika miezi hiyo alikula mezani na watu wake.

Tangu siku ile sikufungua dodoso kabla ya mgonjwa kuuliza la kwake. Nilisema katika mkutano wetu kwamba muda wa mahojiano utakuwa mrefu zaidi na sababu yake nikaitoa, nikaungwa mkono. Mtu anapotia sahihi ya ridhaa, au dole gumba, anatupa kitu kikubwa. Anatupa damu yake, kinyama chake na historia yake, katika wakati ambao hana nguvu hata ya kukaa. Utafiti huo huenda ukamfaa mjukuu wake. Yeye anastahili kitu siku hiyohiyo: dawa ya maumivu, mtu wa kumpimia uzito na kumwambia nini cha kuchanganya kwenye uji ili upate nguvu, namba ya simu inayopokelewa. Hospitali inayochukua majibu ya mgonjwa bila kumjibu imechukua nusu ya kazi tu, na ile nusu rahisi.

Desemba 2016 kituo cha saratani cha KCMC kilifunguliwa, na mambo mengi yakawa mepesi. Dripu za kemo zikatolewa mahali pamoja, na wauguzi wakawa na ujuzi wa kazi hiyo. Lakini kwa miaka mingi aliyehitaji mionzi ilimbidi kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, akae huko wiki kadhaa, atafute ndugu wa kumpokea. Mtu ambaye hamezi ugali utampakiaje kwenye basi la alfajiri na chupa ya uji? Wapo waliokwenda. Wapo waliotazama nauli na malazi wakasema watabaki na kahawa yao.

Kwa waliobaki, mofini ya maji ilikuwa rafiki yangu mkubwa. Ilinibidi kuwaelimisha hata wauguzi wenzangu, maana jina lenyewe huwatisha watu, wakidhani ndiyo dawa ya mwisho kabla ya kifo au kwamba mgonjwa atakuwa teja. Mgonjwa wa umio asiye na maumivu hulala, akilala hupata nguvu ya kuzungumza, na mengi ya muhimu katika familia husemwa hapo: shamba, madeni, watoto wa nje, msamaha.

Nimestaafu sasa. Wanafunzi bado hunipigia simu, na ninapoalikwa kusema kanisani au kwenye vikao vya akina mama sisemi juu ya sayansi kwa kirefu. Nachukua kipimajoto na chupa ya chai, natia kwenye kikombe, na tunasubiri pamoja mpaka namba ishuke chini ya 60. Watu hushangaa ni muda mfupi kiasi gani.

Wewe unayesoma, tazama sahani za wazee wako, na za vijana pia. Ukiona mtu ameacha nyama, kisha ugali, kisha wali, mpeleke hospitali wiki hii. Kwenye zahanati huenda akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Azinywe, lakini wiki mbili zikipita na chakula bado kinakwama, rudini mkamwombe daktari, kwa maneno haya haya, rufaa ya kipimo cha kumeza mpira.