Ukisusa, Wenzio Wala

Kiswahili hakina uhaba wa maneno kwa mtu aliyeudhika asiyetaka kusema. Hukunja uso, hununa, huvimba, hufura, huzira, hususa, mwisho huweka kinyongo. Zamani tuliyaona maneno haya kuwa ni yaleyale. Miaka 14 ya ndoa imetufundisha kwamba ni ngazi, na kila neno ni kipandio chake.

Kununa ni kwa uso. Mtoto akinyimwa andazi hununa, akipewa husahau. Lakini ukiongeza herufi moja tu, kununa kunakuwa kununia, na hapo tayari kuna mtu aliyelengwa. Naye akijibu kwa njia hiyohiyo, wawili hao wananuniana. Sisi tulinuniana siku 17.

Chanzo kilikuwa fedha za mabati. Mmoja wetu (hatutasema nani, maana tukianza kutajana tutarudi kulekule) alizituma kwa ndugu yake mgonjwa bila kumwambia mwenzake. Kusaidia hakukuwa kosa. Kuficha ndiko kulikokuwa kosa. Mwenzake aliona ujumbe kwenye simu. Afadhali angegomba. Alinyamaza. Siku ya tatu yule mwenye kosa akaona amenyamaziwa vya kutosha, naye akanyamaza.

Tangu hapo binti yetu wa miaka 8 akawa tarishi wa nyumba. "Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari." "Mwambie mama yako leo nitachelewa." Na wote tuko sebuleni. Jioni tulikaa kusali kama kawaida, kila mmoja amefumba macho akimwomba Mungu ambadilishe mwenzake.

Wiki ya pili mmoja wetu alianza kurudi nyumbani akisema ameshiba. Hapo tulipanda kipandio kingine, maana kususa ni kununa kulikofika kwenye sahani. Biblia inawajua watu wa namna hii. Mfalme Ahabu alikosa shamba la mizabibu la Nabothi, akalala kitandani, akageuza uso, akakataa chakula (1 Wafalme 21:4). Mfalme mzima! Wahenga walimcheka mtu kama huyo waliposema ukisusa, wenzio wala. Anayesusa hujinyima mwenyewe, akitumaini kwamba njaa itamuuma mwingine.

Ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana. Waumini walisimama safu kwa safu kwenda mbele. Safu yetu ilipofikiwa, hakuna kati yetu aliyesimama. Tulikusanya magoti pembeni ili wenzetu wapite. Moyoni kila mmoja alikuwa na andiko lake tayari: mtu ajihoji kabla ya kula. Tulijiona tunaiheshimu Meza. Binti yetu, aliyeketi katikati yetu, alitazama huku, akatazama huku, kisha akanong'ona: "Mmemsusia na Yesu?"

Hatukuwa na la kumjibu. Mtoto alikuwa amelitaja jambo kwa jina lake. Tulichokiita unyenyekevu kilikuwa kususa, tena tumemsusia yeye ambaye hakutukosea lolote. Yesu alifundisha kwamba ukikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako, uende kwanza ukapatane naye (Mathayo 5:23-24). Sisi tulitii nusu ya agizo. Tuliacha, lakini hatukwenda. Na ndugu mwenyewe hakuwa mbali. Alikuwa benchi lilelile, tumetenganishwa na mtoto tu.

Tangu siku ile, tunapousoma mfano wa mwana mpotevu, hatuishii kwa yule mdogo. Tunamtafuta kaka mtu, aliyesimama nje akisikia ngoma, nyama imeiva, naye amesusa. Baba yake angeweza kusema, mwacheni, njaa itamrudisha. Badala yake aliacha wageni na karamu yake, akatoka nje kumsihi (Luka 15:28). Kwa siku 17 kila mmoja wetu alitaka kuwa yule anayesihiwa. Hakuna aliyetaka kuwa yule anayetoka nje.

Mchana ule, kabla hata ya kubadili nguo, mwenye kosa alisema, "Nisamehe. Nilipaswa kukuambia." Alisema mwenyewe, bila tarishi. Hakujibiwa. Jumatatu hakujibiwa, wala Jumanne. Tunaliandika hili kwa sababu shuhuda nyingi huishia kwenye kukumbatiana, na msomaji ambaye kwake hakukumbatiwa hudhani imani yake ni ndogo. Kinyongo hakiondoki kwa sababu mlango umefunguliwa. Hata Luka hatuambii kama yule kaka aliingia.

Alhamisi asubuhi palikuwa na vikombe viwili vya chai mezani badala ya kimoja. Tulikunywa. Kisha tukazungumza habari za mabati, kwa uchungu, hadi tukachelewa kazini.

Bado tunanuna, ni wanadamu. Ila tumekubaliana kwamba hakuna ujumbe utakaopita kwa mtoto, na kwamba aliye ndani ndiye atakayetoka nje. Nawe unayesoma, kama kuna mtu nyumbani kwako aliyesusa, usingoje njaa imrudishe. Toka umfuate.