Mkebe wa Kadi, Maji ya Chai

Wamelivunja duka la mzee wetu pale Maji ya Chai. Nililikuta limelala chini siku ya Jumatano, narudi kutoka soko la Tengeru na mkungu wangu wa ndizi kwenye bajaji. Nikamwambia dereva asimame. Mabati yalikwisha kushushwa na kupangwa kando, ukuta wa nyuma ulikuwa kifusi, na warithi walikwisha kuchora kwa chokaa mahali zitakaposimama fremu za kupangisha. Binti wa kaka yangu, anayesoma uuguzi mwaka wa pili, alikuwa nami.

"Shangazi, unakilia kibanda?"

Sikumjibu. Nilivua viatu nikapanda juu ya kifusi kutafuta mkebe.

Mzee mwenyewe alikwisha kufa zamani. Alikuwa Mpare aliyehamia kwetu na mizani yake akiwa kijana, na hadi anazeeka aliwauzia watoto wa watoto wa wateja wake wa kwanza. Duka lilinuka mafuta ya taa, sabuni ya mche, chumvi ya mawe na ngozi ya mbuzi iliyotandikwa kwenye kiti chake. Sabuni aliikata kwa waya, akautazama kila mche kabla ya kuukata kana kwamba ndio wa kwanza kuuona. Kalamu ya risasi ilikaa sikioni. Mtu akiomba mkopo hakuulizwa sababu. Jina liliandikwa, bidhaa ikafungwa kwenye gazeti, kwaheri. Nje aliweka benchi la mbao, na kwenye benchi hilo nilifanyia kliniki ya wagonjwa wa akili mara moja kila mwezi kwa miaka mingi.

Mkebe ulikuwa wa biskuti. Ndani zilikaa kadi za kliniki za wagonjwa wasiotaka zionekane nyumbani kwao. Wengine kadi zao zilichanwa na ndugu walioona aibu, wengine waliogopa mchumba asizikute. Mzee alizifunga kwa uzi akaziweka chini ya daftari la madeni. Jirani akiuliza fulani amefuata nini kwenye mkebe, alijibu kwa sauti ya kawaida: "Ana deni langu." Watu wa kwetu wakawa wanajulikana kuwa wadaiwa sugu, nao wakaridhika. Heri mdaiwa kuliko kuitwa wa Mirembe.

Vijana wa leo wanalitamka jina hilo kama tusi bila kujua ni mahali. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma tangu 1927, na mimi nilisomea hapo. Nimekagua cheti changu kabla ya kuandika haya, maana miaka yote nimekuwa nikisema nilimaliza 1977, na cheti kinasema 1979. Basi iwe 1979. Nilichokuwa na hakika nacho ni vumbi la Dodoma, mibuyu, na harufu ya paraldehaidi.

Nani anaikumbuka paraldehaidi? Ilikuwa dawa ya kumtuliza mgonjwa aliyepandisha sana. Inayeyusha plastiki, kwa hiyo tuliichoma kwa mabomba ya kioo tuliyoyachemsha. Ikishaingia mwilini hutokea kwa pumzi, kali, kama tunda lililooza ndani ya siki, na kesho yake asubuhi ukifungua mlango wa wodi inakupokea kabla ya mgonjwa. Tulitembea nayo kwenye nywele. Dawa nyingine kubwa ilikuwa Largactil, ambayo hufanya ngozi iungue upesi juani, hivyo wagonjwa waliokwenda shambani tuliwafunga vitambaa kichwani, mmoja mmoja. Kazi hiyo ya vitambaa haikuandikwa kwenye ripoti ya zamu. Lakini ukimfunga mtu kitambaa kila siku unamjua: yupi hapendi kuguswa sikio, yupi leo macho yake yamebadilika.

Darasani mwalimu alitufundisha habari za muuguzi Mmarekani, Hildegard Peplau, aliyetoa kitabu mwaka 1952 akisema kwamba uhusiano wenyewe wa muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba. Alisema wawili hao huanza wakiwa wageni. Neno hilo lilinikaa. Kwetu mgeni hupewa kiti na maji kabla ya kuulizwa shida yake, lakini pia mgeni hafungui mitungi ya wenyeji. Alisema vilevile kwamba mgonjwa anaweza kumfanya muuguzi kuwa mama yake, dada yake, au mtu aliyemwumiza zamani, na muuguzi asipojijua ataukubali wadhifa huo. Nilijibu mtihani vizuri. Sikuwa nimeelewa.

Nilielewa kwenye wodi yangu ya kwanza baada ya chuo, mbali na nyumbani. Alikuwapo mzee mmoja aliyekaa miaka bila mtu wa kumjulia hali. Siku moja nilicheka jambo, akanikazia macho mdomoni, akanisalimia Kimeru.

"Wewe ni wa kwetu," akasema. "Meno hayadanganyi."

Wasomaji wa upande huu hawahitaji maelezo. Maji yanayoshuka Mlima Meru yamebeba floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano, na sisi tuliokua tukiyanywa tuna meno ya kahawia hadi kaburini. Wengine waliumia hata mifupa, miguu ikapinda. Pale Ngurdoto, jirani zetu, kuna kituo cha kutafiti namna ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Shuleni tulifunika midomo tukicheka. Siku ile, kwa mara ya kwanza maishani, meno yangu yalikuwa hati ya ukoo.

Aliniita mwanangu. Nilimletea ugoro. Zamu ikiisha nilikaa kwenye kitanda chake nikamweleza shamba la baba yangu liko wapi, migomba mingapi, nani amekufa, nani ameoa. Niliona ninafanya wema, na sehemu yake ilikuwa wema kweli: alianza kuoga, akaanza kula. Kisha akaanza kukataa dawa kwa mkono wa mwingine. Akawatangazia wenzake kwamba binti yake atamtoa mwezi huu. Nilipokwenda likizo ya siku nne hakumeza kidonge hata kimoja, na usiku wa nne alivunja dirisha aje kunitafuta bwenini. Kioo kikampasua mkono. Kovu lile nimeliona miaka yote iliyofuata, na ni mimi niliyeliweka.

Sista inchaji hakunigombeza. Alinipa kiti.

"Mzee huyu ana watoto?"

"Anao watatu, Sista."

"Wanajua kama yu hai?"

Nikanyamaza.

"Umekaa kwenye kiti chao, mwanangu. Ukiendelea kukikalia, siku wakija watakuta pamejaa. Inuka uandike barua."

Niliandika kupitia sanduku la posta la usharika, kama barua nyingi za nyumbani zilivyopita wakati huo. Baada ya wiki saba kijana mmoja alishuka na begi la kitambaa, meno kama yangu, akasimama mlangoni mwa wodi akiogopa kuingia. Nilimwonyesha kitanda nikatoka nje.

Tangu hapo sijakubali mtu aniambie kwamba mipaka ya muuguzi ni ukali wa Wazungu ulioletwa na vitabu. Mpaka ule nilifundishwa kwa Kiswahili, na mwanamke aliyeniita mwanangu akiwa kazini. Maana yake ilikuwa moja tu: mgonjwa ana watu wake, nawe usiwafukuze kwa kujifanya ndugu. Waliotutangulia nao waliona, kwa njia zao, kwamba mgonjwa hapaswi kutengwa na maisha ya watu. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walikuwa na kituo cha watoto waliokombolewa utumwani tangu 1896, na mwaka 1904 wakakigeuza kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ipo hadi leo, na wagonjwa hufanya kazi kwenye chai na bustani. Baadaye nchi yetu ikaanzisha vijiji vya wagonjwa kama Hombolo na Vikuruti ili mtu alime na aishi, asifungiwe tu. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango wa kuipeleka huduma hii vijijini ulianza kujaribiwa Morogoro na kwa majirani zetu Kilimanjaro. Fikra hiyo ndiyo iliyoniweka kwenye benchi la Maji ya Chai.

Huko kwetu mpaka ulikuwa mgumu mara kumi. Wodini ulikuwa na funguo kiunoni na sare. Hapa mgonjwa wa kwanza kwenye foleni alisoma na mdogo wangu, wa pili alikuwa kijana wa mshili wetu, yaani kiongozi wa ukoo, wa tatu alinidai maziwa. Nilijifunza kutumia heshima tulizolelewa nazo. Aliyenizidi umri nilimwamkia shikamoo kabla ya kufungua begi, hata kama amekuja na kamba mkononi. Mazungumzo hayakufanyika kwenye benchi. Tulitembea wawili hadi darajani, tukasimama upande wa juu, kelele za mto zikatufunika. Maji yale, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yamesikia mengi na hayakumwambia mtu. Tukirudi, sindano: Modecate, dawa iliyotengenezwa ndani ya mafuta ya ufuta, nzito, inayotaka sindano nene na mkono usio na haraka. Wakiuliza kwa nini inauma niliwaambia ni mafuta ya ufuta yanatafuta njia, yatakaa wiki kadhaa. Wakacheka. Ufuta waliujua.

Zawadi zilikuwa mtihani. Mama anakuja na mkungu wa ndizi kwa sababu mwanawe amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Ukikataa umemtukana, ukibeba nyumbani, mwezi ujao asiye na ndizi ataogopa kuja. Aliyetatua jambo hilo ni Mzee wa duka. "Zipe jiko," alisema, na mkewe akazipika zote kwenye sufuria moja, akala kila aliyekuwapo, mgonjwa, ndugu, mimi, na mpita njia aliyefuata chumvi. Ikawa desturi. Mimi sikupokea kitu, wala mama hakurudi na mzigo wake.

Mzee yule wa ugoro naye alikuja kliniki, akisindikizwa na mwanawe. Mara ya kwanza alinitazama kwa muda, akasema, "Shikamoo haishuki, Sista, ningekupa." Hakuniita mwanangu tena. Mwanawe alikuwa ameketi pale pale kando yake. Sijawahi kupata malipo makubwa kuliko hayo.

Miaka ya 1990 dawa zilianza kukatika, nikawa naenda na begi jepesi. Mzee wa duka akafa. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ikaja, ile ya mkoloni ikaondoka, na ilikuwa wakati wake. Ya wauguzi na wakunga ikafuata 2010. Nikastaafu.

Sasa nirudi kwenye kifusi. Nilipokuwa nachimba, binti yetu alitaka kunichangamsha, akanionyesha simu: video kutoka kundi la wanafunzi wenzake. Mgonjwa anacheza katikati ya wodi, gauni limemvuka bega, na mtu anacheka nyuma ya kamera. Hospitali gani sitasema. Damu ilinipanda. Nilimwuliza jina la mama yule. Halijui. Nilimwuliza anatumia dawa gani. Anajua, na kipimo chake, na saa zake.

"Si tumefundishwa tusiwazoee wagonjwa, Shangazi? Mipaka."

Hapo ndipo nilipokaa chini juu ya matofali. Wamepewa neno wakanyimwa kazi yake. Wanadhani mpaka ni kutomjua mtu, halafu asiyejulikana wanamrekodi. Na wengine, nimewaona, wanatoa namba zao binafsi, wanapokea pesa kwa M-Pesa usiku kutoka kwa ndugu wa wagonjwa, kisha wanashangaa mtu anawapigia saa nane akilia kwamba wamemsaliti. Wodi imejaa, wauguzi wachache, zamu ndefu; hayo nayajua na ninawatetea popote. Lakini kufunga kitambaa kichwani kulichukua dakika moja.

Aliifuta video. Kundi lina watu zaidi ya mia.

Mkebe niliupata chini ya fremu ya mlango, umebonyea, kutu imekula kifuniko. Kadi kumi na moja, uzi ule ule. Binti akainua simu azipige picha kwa ajili ya kumbukumbu, nikaushusha mkono wake. Jioni ile tulikaa jikoni nikamfundisha namna ya kuzirudisha: huendi na kadi mkononi, huulizi mbele ya watu, unaamkia, unasubiri uitwe kando. Tumekwenda naye nyumba kwa nyumba, Kikatiti hadi Usa River, wiki tatu. Tisa tumezikabidhi, nyingine kwa wenyewe, nyingine kwa watoto wao. Ya yule mzee wa ugoro niliiweka kwenye kiganja cha mwanawe.

Mbili bado ninazo. Anayedhani moja ni ya nduguye aje mwenyewe nyumbani, mchana. Kwa simu sitamtajia mtu jina.