Sumukuvu Iliingia Zizini Kwangu

Nafuga ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa mji wa Dodoma, na maziwa hayo ndiyo yanayowasomesha wanangu. Msimu mmoja wa mvua ng'ombe wangu walianza kususia pumba. Manyoya yakawasimama, maziwa yakapungua mpaka ndoo iliyokuwa ikijaa asubuhi ikawa haifiki nusu. Ndama naye akawa anasaga meno na kujikamua bila kupata choo. Tulimpa dawa ya minyoo, tukamtibu homa. Akafa.

Daktari wa mifugo alipofika aliomba kwanza kuiona stoo. Alizamisha mkono katikati ya gunia la pumba nilizonunua, akatoa bonge lenye joto na ukungu wa kijani. "Mama, hizi haziliki, hata kwa ng'ombe," akasema. Sampuli ilipelekwa maabara, majibu yakarudi: sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu.

Sisi wa Dodoma jina hilo tunalijua kwa misiba. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mkoa wetu na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi. Daktari akanieleza jambo lililonikosesha usingizi: ng'ombe akila sumu hiyo, ini lake huigeuza, na sehemu yake hutoka kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Niliwafikiria watoto wa mtaani kwetu wanaonyweshwa maziwa yangu. Kuanzia jioni ile nilikamua na kumwaga, huku ada ya shule inadaiwa na marejesho ya kikoba yamekaribia. Simwombei mtu maumivu yale.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Wateja niliowaeleza ukweli walinisubiri. Wenzangu wa kikoba walinisogezea marejesho, na jirani akawa ananiletea majani kwa toroli. Daktari alisema ng'ombe akiachishwa chakula kibovu, sumu huisha kwenye maziwa baada ya siku chache. Ng'ombe wakarudi kula, na maziwa yakapanda pole pole.

Siku hizi silipii gunia la pumba wala la mashudu kabla ya kulifungua na kulikagua mpaka katikati. Mahindi yangu nayaanika juu ya turubai hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kisha magunia nayapanga juu ya chaga, mbali na ukuta. Kwa kuwa sumu inaweza kuwamo hata pasipoonekana ukungu, nikiwa na shaka namwita daktari achukue sampuli.

Wafugaji wenzangu, tumezoea kusema mahindi yaliyooza ni chakula cha mifugo. Nawasihi tuyaache mazoea hayo. Gunia lililovunda lifukiwe, hata kama limenunuliwa kwa mkopo. Hasara ya gunia nimeilipa nikaimaliza. Mtoto wa mtu akidhurika kwa maziwa yangu, nitamlipa nini mama yake?