Gofu Lisilo na Mawe: Ziara ya Heru Juu

Mwalimu huyo alikuwa amekwisha kuiona Anuradhapura, mji mtakatifu wa kale wa Wabudha huko Sri Lanka, kabla hajakanyaga makao ya watawala wa kwao. Huko alikuta stupa za matofali zilizoinuka kama vilima, nguzo za mawe zisizo na mapaa, na mahujaji wenye mavazi meupe wakitembea pekupeku. Hata hivyo, heshima kuu hawakuipa nguzo wala tofali, bali mti. Mti huo, ambao ni wa jamii moja na mkuyu, husimuliwa kuwa ulipandwa katika karne ya 3 K.K. kutokana na tawi la ule ambao chini yake Buddha alipata nuru.

Aliporejea Kasulu alipanda Heru Juu. Buha ya kale haikuwa dola moja: palikuwapo Heru, Muhambwe upande wa Kibondo, na tawala nyinginezo, kila moja na mwami wake. Sambamba na mwami walikuwako wateko, wenye mamlaka ya kiibada juu ya ardhi. Lakini nyumba za kifalme zilijengwa kwa miti, matete na nyasi. Mvua na mchwa havikubakiza gofu.

Mwalimu alitafuta japo msingi wa ukuta; akaona maharage na migomba. Mzee aliyemwongoza alisimama chini ya mti mkubwa, akanyamaza.

"Ikulu ilikuwa wapi, babu?"

"Umekwisha kuingia, mjukuu wangu, tena bila kubisha hodi."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Bibi yake alikuwa akiitaja miti ya namna hiyo mmoja mmoja, na majina ya waliotambikiwa hapo. Yeye, kijana aliyetoka shuleni, alimjibu kwamba huo ni ushenzi. Bibi hakubishana, aliacha tu kuyataja. Alipofariki, hakuna aliyekuwa ameyaandika.

Kumbukumbu ya aina hii hukaa kinywani mwa mtu anayeishi karibu na mahali penyewe. Katika miaka ya 1930 watu wa Buha walihamishwa kwa sababu ya malale. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Kuanzia 1972 kaya zilikusanywa vijijini. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, lakini kila mara mti ulibaki upande huu na msimulizi akaenda upande ule.

Juma lililofuata, Kibondo, mwalimu alionyeshwa kisiki. Vijana waliompeleka walijua kuwa mahali hapo paliheshimiwa. Hawakujua kwa nini.

Hakuendelea na safari. Alirudi Heru Juu, safari hii akabisha hodi, akafungua daftari, na kumwomba mzee aanze tena, polepole, kwa Kiha.