Kitabu cha Watu Wabaya

Ndugu msomaji, je, unaweza kukipenda kitabu ambacho ndani yake humpendi mtu hata mmoja? Mimi nimekipenda kimoja.

Kiliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1939 na Agatha Christie, mwanamke wa Uingereza. Mwanangu aliyesoma sekondari alinisomea usiku, akinieleza kwa Kiswahili.

Watu kumi wanafika kisiwani. Kila mmoja amesababisha kifo, lakini sheria haikumpata. Sasa wanauawa mmoja mmoja. Nani anawaua? Hawajui.

Daktari alilewa, akampasua mgonjwa, mgonjwa akafa. Lombard aliwaacha watu 21 wa Afrika ya Mashariki porini wafe njaa, akaondoka na chakula. Nilikasirika. Nikasema, "Kifunge!" Lakini nilitaka kumjua muuaji. Kesho yake nikasema, "Kifungue tena."

Kisha akaja bibi mmoja, Brent. Mtumishi wake, msichana, alipata mimba. Bibi akamfukuza. Msichana akajitupa mtoni, akafa. Bibi hakujuta hata kidogo.

Nilinyamaza. Mimi nami nilimfukuza mdogo wangu kwa sababu hiyo hiyo. Yeye yu hai, lakini hatukusemezana miaka sita.

Asubuhi nilikwenda kwake. Alinitazama, kisha akanipa kiti. Akamwambia mtoto, "Msalimu mama mkubwa." Mtoto akasema, "Shikamoo."

Muuaji nimemjua, lakini sikuambii. Msomaji, usikikimbie kitabu chenye watu wabaya. Huenda mmoja wao anafanana nawe.