Nakala Moja Ikae Mbali

Nyumbani kwetu Sinza, kazi ya kuhifadhi nakala ilikuwa ya baba. Kila Jumamosi jioni alinakili hesabu za duka na barua zake kwenye disketi, akaandika tarehe kwa kalamu ya risasi, kisha akaifungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Disketi moja ilibeba megabaiti 1.44 tu. Ilitosha, maana yote yalikuwa maandishi matupu. Leo picha moja ya simu mara nyingi haiingii humo. Adui alikuwa vumbi na unyevu wa Dar. Ukisogeza kile kibati cha chuma, unakuta sahani ya kahawia imeota madoa, na kompyuta inakwaruza weee, mwishowe inakataa kuisoma.

Zilipoingia kamera za dijitali, disketi zikazidiwa. Tukahamia CD ya megabaiti 700, tukichomewa steshenari. Harusi ya dada ilijaza mbili. Tulizishika kwa pembeni kama mayai, tukiuogopa upande unaong'aa usichubuke, kumbe kinachobeba data kiko chini kidogo tu ya upande wa maandishi. Baada ya miaka, moja ilibanduka utando, na ukiielekeza kwenye taa unaona mwanga unapenya.

Flashi ilikuja na raha yake: ndogo, haraka, inaandikwa na kufutwa upendavyo. Ila ilizurura mno. Ikitoka kwenye intaneti kafe inarudi na virusi, mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Ndipo baba akanunua hadi diski ya nje, akaiacha imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana. Tukaona tumemaliza.

Kilichotubadilisha mawazo ni wizi wa kwa jirani. Wezi walibeba kompyuta, na hadi diski iliyokuwa pembeni yake wakaitia humohumo kwenye begi. Miaka yote sisi tulikuwa tukiuliza kifaa kinabeba kiasi gani. Tangu siku hiyo baba akawa anauliza: hiki kinatukinga na nini? Maana wizi, moto, mafuriko ya Mto Msimbazi na umeme unaorudi kwa kishindo havichagui. Vinakumba kompyuta na nakala yake pamoja zikikaa meza moja.

Ilibidi nakala moja ikae mbali, na njia ya kufanya hivyo ilikuja na nyaya za intaneti za baharini. SEACOM ilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na polepole kupandisha faili mtandaoni kukaacha kuwa kazi ya usiku kucha. Google Drive ilipofunguliwa mwaka 2012, mdogo wangu akatuambia diski zote sasa ni takataka. Baba hakukubali, na nadhani alikuwa sahihi. Gigabaiti 15 za bure zinagawanywa na barua pepe na picha, bando linakwisha, na folda inayojioanisha yenyewe ikifutwa kwenye simu inafutika na huko juu. Ukichelewa kugundua, pipa la taka nalo hujisafisha baada ya siku 30. Mei 2024 nyaya zilipokatika baharini, mtandao nchini ukasuasua kwa siku kadhaa. Faili za mtandaoni hazikufunguka, ila za kabatini zilifunguka.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja nje ya nyumba. Sisi tunaifuata kwa mtindo wetu. Asili iko kwenye kompyuta. Hadi diski huchomekwa wakati wa kunakili tu, kisha huchomolewa, kwa sababu virusi vinavyofunga faili na kudai fidia hufunga chochote kilichounganishwa. Vyeti, hati na picha teule ziko mtandaoni. Hadi diski ya pili anayo shangazi Morogoro, nasi hubadilishana naye kila sikukuu.

Basi, ukitaka kuchagua njia, usianze na bei wala ukubwa. Orodhesha kwanza faili ambazo huwezi kuzipata tena popote, kisha jiulize ni janga gani linaweza kuzichukua zote kwa mkupuo. Ukishahifadhi, chukua kompyuta nyingine, fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala yako uone kama zinasomeka. Zisiposomeka, bado hujahifadhi kitu.